Kwa nini gesi humenyuka juu ya barafu lakini hewani zinapishana tu? (pamoja na jaribio la Kidato cha Sita)

Mwl_Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mada ya kemia ya mazingira kwa Kidato cha Sita hapa Mtwara. Kitabu kinaeleza kwamba tundu la ozoni la Antaktika linatokana na klorini ya gesi za friji, kisha kinapitia mstari mmoja tu kwamba mawingu ya barafu "huharakisha". Huharakisha vipi, hakisemi. Naomba kueleweshwa haya:

Kwanza, HCl na ClONO2 (klorini naitreti) zote ni gesi na zinakutana hewani muda wote. Zinasubiri barafu ya nini? Darasani tunafundisha kwamba baridi hupunguza kasi ya mmenyuko, sasa kitu kigumu chenye baridi kali kinageukaje kichocheo?

Pili, huku kwetu tropiki hewa ya kama kilomita 17 juu nayo ina baridi ya karibu −80 °C. Mbona hakuna tundu juu ya Mtwara?

Tatu, jaribio. Tuna friza, barafu ya wavuvi, chumvi ya mawe, bureti, NaOH na sodiamu metabaisalfaiti. Barafu kavu na naitrojeni ya maji hatuna. Wazo lilikuwa kuchoma salfa ya mikorosho ndani ya chupa yenye barafu iliyochanganywa na MO (methili oranji, kiashiria cha asidi), lakini maji yenye MO yakigandishwa kwenye kikombe rangi yote inakimbilia katikati, pembeni panabaki peupe. Kosa liko wapi?

kemia_ya_hewa

Mwalimu, swali la kwanza lijibiwe kwa hesabu, maana maneno matupu ndiyo yaliyoponza hicho kitabu.

Hewani, kiwango cha mmenyuko wa HCl na ClONO2 hakifiki 1×10⁻²⁰ cm³ kwa molekuli kwa sekunde. Hicho ni kikomo cha juu. Kiwango chenyewe ni kidogo hata kukipima kumeshindikana. Chukua kimo cha kilomita 18 hadi 20, mgandamizo wa hPa 50, joto la K 195 (kelvini, yaani karibu −78 °C), na HCl sehemu 1 kwa bilioni. Hiyo ni kama molekuli 1.9×10⁹ kwa kila cm³. Gawanya 1 kwa (1×10⁻²⁰ × 1.9×10⁹), unapata sekunde 5×10¹⁰. ClONO2 ingekaa zaidi ya miaka 1,600 bila kuguswa.

Weka barafu sasa. Kasi ya kupotea kwa gesi usoni ni γ × v × A ÷ 4. Hapa γ ni uwezekano kwamba molekuli ikigonga uso itamenyuka, v ni wastani wa mwendo wa molekuli, na A ni eneo la uso wa chembe katika kila cm³ ya hewa. Kwa ClONO2 juu ya barafu yenye HCl, γ ni karibu 0.3, yaani katika kila migongano kumi, mitatu inafanikiwa. v kwa K 195 ni kama mita 206 kwa sekunde. Wingu la barafu lenye A ya 10⁻⁷ cm² kwa cm³ linakupa 1.5×10⁻⁴ kwa sekunde: chini ya saa mbili. Waandikie ubaoni namba hizo mbili zikiwa jirani, miaka 1,600 na saa mbili, halafu nyamaza kidogo.

Kinachotokea ni kwamba HCl ikitua juu ya barafu haibaki HCl. Molekuli za maji za usoni hazina majirani upande wa juu, hivyo hazijafungwa imara kama za ndani na zinaweza kujigeuza. Zinaizunguka HCl na kuipasua kuwa H⁺ na Cl⁻. Ile Cl⁻ inakuwa tayari kuishambulia klorini ya ClONO2, ambayo ina chaji chanya kiasi:

ClONO2 + HCl → Cl2 + HNO3

Cl2 inaruka kurudi hewani, HNO3 inabaki imekamatwa na barafu. Zipo na mbili nyingine zinazofika mwisho uleule kwa hatua: ClONO2 + H2O → HOCl + HNO3, kisha HOCl + HCl → Cl2 + H2O.

Kanuni ya kwamba baridi hupunguza kasi haijavunjwa. Hapa njia ni nyingine kabisa, ya ayoni, na kizuizi chake cha nishati ni kidogo sana. Tena baridi inasaidia: HCl haiyeyuki vizuri ndani ya barafu, ila karibu K 200 hung'ang'ania usoni hadi kama molekuli 2 au 3×10¹⁴ kwa cm². Ukipasha joto, inajibandua.

Wanafunzi wazingatie pia kwamba chembe si za aina moja. Karibu K 195 (−78 °C) hutokea chembe za asidi ya nitriki yenye maji matatu, HNO3·3H2O. Barafu halisi ya maji inahitaji karibu K 188 (−85 °C). Juu ya zile za kwanza, γ ya HCl na ClONO2 ni karibu 0.2, nayo si mbaya, lakini ClONO2 na maji pekee inashuka hadi 0.004. Maji ya humo yameshikwa na asidi, hayana uhuru.

Kihistoria: Molina na Rowland walionya kuhusu gesi za friji mwaka 1974, lakini kemia yao ilikuwa ya hewani tupu. Farman, Gardiner na Shanklin walipotangaza tundu mwaka 1985 kwa vipimo vya kituo cha Halley huko Antaktika, kemia hiyo haikuweza kueleza upungufu mkubwa namna ile. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake ndio waliopendekeza kwamba jibu liko juu ya nyuso za mawingu.

Maabara_Lindi

Mwalimu, nakujibu la tatu. Kwanza achana na kuchoma salfa. Gramu 0.1 tu ikiungua inatoa karibu mililita 75 za SO2 (salfa daioksaidi, ile gesi unayoitaka). Kwenye chupa ya lita moja hiyo ni zaidi ya 7%, na mwali unayeyusha barafu yako hapohapo. Isitoshe, salfa ya mikorosho nyingine ina vichanganyio vya kuifanya ikubali maji, kwa hiyo uzito wake hauwezi kuutegemea.

Rangi kukimbilia katikati si kosa lako. Fuwele ya barafu haipokei wageni. Ikikua inasukuma kila kilichoyeyuka mbele yake. Kwenye kikombe kuganda kunaanzia ukutani, basi MO yote inaswagwa hadi katikati. Dawa yake ni utando mwembamba ulioganda haraka, na kiashiria kiwekwe baada ya kuyeyusha.

Pima SO2 ikigeuka asidi ya salfuriki kwa haidrojeni peroksaidi iliyomo ndani ya barafu: SO2 + H2O2 → H2SO4. SO2 peke yake juu ya barafu inaingia na kutoka, ukipuliza hewa tu imeondoka. Ikishakuwa salfuriki haitoki tena, unaweza kuipima kwa utulivu.

Barafu: chemsha maji yaliyokenekwa (distili) dakika tano, yapoe yamefunikwa. Chukua mL 10, tia tone moja (mL 0.05) la peroksaidi ya duka la dawa ya 6%, ile ambayo chupa yake imeandikwa 20 vol. Mimina kwenye chupa ya kioo ya lita 1 yenye mdomo mpana. Chupa iwe imeshalala kwenye friji kwanza; kioo kinene kikitoka joto la Mtwara moja kwa moja hadi −20 kinapasuka. Kwenye deli changanya barafu iliyopondwa kilo 3 na chumvi ya mawe kilo 1. Ponda chumvi nayo, mabonge makubwa yanazama chini na baridi inaishia −8 au −10. Ikichanganyika sawasawa kipimajoto kisome −18 au chini; kikomo chake ni −21. Laza chupa ndani yake, izungushe polepole kwa mkono wenye glavu mpaka maji yagande ukutani. Kwa chupa ya kipenyo cha sm 9 na urefu wa sm 15 unapata utando wa kama robo milimita.

Kifuniko kiwekwe tangu mwanzo. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, chupa ikiachwa wazi dakika moja tu utando unafunikwa na umande, nawe utapima SO2 ndani ya maji ukidhani umepima barafu. Toboa kifuniko matundu mawili madogo na uzibe kwa vizibo vya mpira vya vichupa vya dawa ya sindano.

Gesi usiitengenezee ndani ya chupa, mchanganyiko utaganda kabla haujatoa kitu. Yeyusha metabaisalfaiti g 1.9 kwenye maji hadi mL 100, siku ileile, maana ikilala inaoksidika. Kwenye bomba la sindano la mL 60 vuta mL 1 ya hiyo, kisha mL 1 ya asidi ya salfuriki ya 1 M. Usitumie HCl, mvuke wake utakuja kuhesabiwa kama asidi ya jaribio. Vuta hewa hadi alama ya 50, choma ncha ya sindano kwenye mpira, tikisa nusu dakika. Zaidi ya nusu ya SO2 itabaki kwenye kile kimiminika, kwa hiyo gesi unayoingiza ni kama mL 2 tu, inatosha. Ingiza taratibu mdomo wa bomba ukiangalia juu, sindano ya pili ikiwa wazi kupumulia, na acha mL 3 au 4 za mwisho ili matone yasiingie.

Subiri dakika 10 ukizungusha chupa. Kisha, kabla ya kuyeyusha, toa gesi iliyobaki: pampu ya baiskeli, hewa ipite kwenye neli ya silika jeli na mzingo wa mpira uliozama kwenye deli, lita 3 hivi, nje ya jengo. Hatua hii wengi huiruka. Ukiyeyusha gesi ikiwa bado ndani, maji yataifyonza yote na chupa zote zitatoa jibu moja.

Yeyusha, suuza kwa mL 10 za maji, matone mawili ya MO, taitreti kwa NaOH 0.01 M. Tone lako la peroksaidi likitumika lote, utatumia NaOH karibu mL 17.6. Hicho ndicho kikomo. Ukipata 25, kuna tone la asidi limeruka kutoka kwenye bomba.

Uwe na chupa nne. A ina barafu, peroksaidi na SO2. B ni kama A lakini ndani ya barafu tupu bila chumvi, 0 °C, maji hayajaganda. C ina barafu na SO2 bila peroksaidi. D ina barafu na peroksaidi bila SO2. Usidharau D: peroksaidi ya dukani hutiwa asidi kidogo isiharibike, lazima uitoe kwenye hesabu.

Mwanafunzi mwenye pumu akae mbali, upande upepo unakotokea.

FundiBaridi

Naongeza la ufundi. Chupa yenye SO2 usiiweke kabisa ndani ya friza, hasa ya samaki. SO2 na unyevu vinakula bomba la shaba, na tundu dogo kama la pini linamaliza gesi yote. Zamani SO2 yenyewe ilikuwa gesi ya friji, kabla ya akina R-12 (gesi za friji zenye klorini) kuja miaka ya 1930, na friji ikivuja watu walikimbia nyumba.

Wanafunzi pia wasichanganye gesi. R-12 ina klorini mbili na inakaa angani karibu miaka 100. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilizipa nchi zinazoendelea hadi 2010 kuacha kuizalisha na kuiingiza. R-22 ina klorini moja, inakaa kama miaka 12, nayo inafikia ukingoni 2030, ikibaki kiasi kidogo cha matengenezo. R-134a na R-600a hazina klorini kabisa, haziingii kwenye habari hii ya barafu, ingawa R-134a inapasha dunia joto. Mitambo mingi ya barafu inatumia amonia, nayo haigusi ozoni. Someni kibandiko cha nyuma ya kompresa, aina ya gesi na gramu zake zimeandikwa pale.

Mwl_Mikindani

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Kuna mambo mawili. Kama C nayo ikionyesha asidi kidogo, nimekosea? Na lile la baridi ya juu ya Mtwara bado.

kemia_ya_hewa

C ikionyesha kidogo, hujakosea. SO2 iliyojificha kwenye mipaka ya fuwele haitoki yote kwa lita 3 za hewa. Ongeza hadi lita 6 uone kama inashuka, na A nayo uipulizie lita 6 ili zilingane. C ikishuka na A ikabaki palepale, umewaonyesha tofauti ya gesi iliyokaa juu ya barafu na gesi iliyomenyuka.

Ila uwaambie ukweli mmoja. Kwa −18 °C peroksaidi uliyoweka imesukumwa kwenye mishipa myembamba ya kimiminika kati ya fuwele na usoni, ikiwa nzito kuliko ulivyoichanganya. Mmenyuko mkubwa unatokea humo. Barafu ya stratosfera (tabaka la juu lenye ozoni) kwa −85 haiko hivyo. Jaribio linaonyesha kwamba uso wa barafu unafanya kazi, halikupi γ.

Wanaopima γ hutumia neli ya kioo iliyopozwa hadi K 190–200, ukuta wa ndani umepakwa barafu (kama chupa yako ya kuzungusha), heliamu ikipita kwa mgandamizo mdogo sana, gesi inaingizwa kwa kineli kinachosogezwa mbele na nyuma, na spektromita ya masi (kifaa kinachotambua molekuli kwa uzito wake) mwishoni. Makosa yao ni binamu wa makosa yako. Heliamu kavu inakausha utando, hivyo hutiwa mvuke kwanza. Uso ukijaa, γ inaonekana kushuka dakika hadi dakika. Na γ ikiwa kubwa, kinachopimwa kinaweza kuwa mwendo wa gesi kufika ukutani, si mmenyuko wenyewe.

Kuhusu Mtwara, ni kweli baridi ya kilomita 16–17 juu yetu inalingana na ile ya mawingu ya Antaktika, na mawingu ya barafu yapo. Kinachokosekana ni klorini iliyo tayari. Hewa inayofika pale imetoka chini karibuni, na R-12 iliyomo bado nzima. Inahitaji mionzi mikali ya urujuanimno ya juu zaidi, kilomita 25 na kuendelea, ndipo ivunjike na klorini yake iwe HCl na ClONO2. Hewa ya stratosfera hupanda huku tropiki na kushuka kuelekea ncha za dunia, safari ya miaka kadhaa. Kwa hiyo R-12 iliyovuja Mtwara au Lindi inapandia mlango wa huku kwetu, lakini klorini yake inakutana na barafu ikiwa imeshavunjwa, kule kusini.

Kule tena kuna giza la majira ya baridi na upepo unaozunguka ncha ukiizuia hewa isichanganyike na ya nje. Cl2 inajikusanya gizani. Chembe kubwa zenye HNO3 zinaanguka taratibu na kuondoka na naitrojeni, ambayo ingebaki ingetoa NO2 ya kuifunga klorini upya. Jua likirudi Agosti mwishoni na Septemba, Cl2 inapasuka:

Cl + O3 → ClO + O2
ClO + ClO → Cl2O2
Cl2O2 + mwanga → 2Cl + O2

Klorini ile inarudi kazini. Hatua ya katikati inapenda baridi, maana Cl2O2 ikipashwa joto inarudi kuwa ClO mbili. Hapa kwetu jua linawaka kila siku, NO2 haikosekani, na hewa haifungiwi mahali. Hata ncha ya kaskazini, ambako baridi haidumu kila mwaka, upotevu mkubwa ulionekana miaka michache tu, kama 2011 na 2020.

Mwl_Mikindani

Nimeelewa mkuu. Na salfa inayopulizwa mikoroshoni msimu wa ubwiri unga, nayo inakuwa SO2? Najua wataniuliza.

Maabara_Lindi

Hapana mwalimu. Ile ni salfa elementi, vumbi la manjano. Inawasha macho na kifua, lakini ni chembe ngumu, siyo gesi. Mpaka uichome. Mifuko mitupu ikichomwa shambani, hapo ndipo SO2 inapotoka.

Kabla sijasahau: NaOH ya 0.01 M itengeneze asubuhi ya jaribio kwa maji yaleyale yaliyochemshwa, maana ikikaa siku mbili inanyonya CO2.